Sufuria Iliyobaki Motoni

Anélus Dorvilus alimdhulumu Clervilia, mkewe aliyeishi naye miaka kumi na tisa, na jambo hilo lisemwe mapema kabla watu hawajaanza kutafuta maneno laini. Ijumaa moja, Clervilia akiwa amepanda mlimani kumzika shangazi yake, Anélus alileta mkokoteni uani. Akapakia mvukuto, koleo, chombo cha kuyeyushia, visanduku vyote vya mchanga na sufuria mama tisa, akateremka navyo mtaa wa chini, upande wa makaburini, kwa mwanamke mwingine.

Kwamba aliondoka, Clervilia alilimeza. Vile vitu ndivyo vilivyomkaa kooni, kwa sababu vilikuwa vya baba yake. Mzee Exilhomme alisubu sufuria, yaani alizimimina mchangani, katika ua ule kabla Anélus hajajua kuwa alumini huyeyuka. Anélus aliingia pale miguu mitupu, kuzungusha mvukuto apate chakula cha mchana, akatoka na mvukuto wenyewe. Tena akasimama sokoni akawaambia watu, "Yule mama alikuwa ananichekechea mchanga tu."

Mchanga tu! Kana kwamba sufuria hutokea mbinguni. Anayeushindilia mchanga kwenye kisanduku, akajua ni laini kiasi gani na mbichi kiasi gani, huyo ndiye mwenye sufuria. Anayemimina anamimina tu. Clervilia alishindilia mchanga miaka kumi na tisa, na miaka mitatu ya mwisho, Anélus alipokuwa amelala na kichwa kinamuuma kwa sababu anazozijua yeye, alimimina pia. Sokoni ziliitwa sufuria za Anélus.

Sasa kuna jambo ambalo mtu asiyesubu hulisahau. Alumini ikipoa hunywea. Ukichukua sufuria ya kawaida ukaifanya kielelezo, ukaishindilia mchanga na kusubu nyingine, ile mpya itatoka ndogo kuliko ya kwanza. Ndiyo maana wasubu huweka sufuria mama, kubwa kidogo kuliko inavyotakiwa, ili binti yake atoke sawasawa. Mzee Exilhomme aliacha kumi, toka namba moja hadi namba kumi, na hazikuwa za kupikia.

Ila wiki ile Anélus alikuwa ameuza hata sufuria ya jikoni. Clervilia, kabla ya kupanda mlimani, alishusha mama wa namba kumi kutoka rafuni akateleka maharage ya kulisha waliokuja kumsindikiza. Anélus alipokuja na mkokoteni wake aliiona ile sufuria juu ya moto, nyeusi ya masizi hadi masikioni. Akapakua maharage, akala, akaacha sahani juu ya kiti na kijiko ndani yake, akaenda zake. Clervilia aliporudi jioni alikuta rafu tupu, sahani chafu, na namba kumi imekaa palepale motoni, inatokota taratibu.

Jumatatu akaja Madan Ostane, mpishi anayelisha nusu ya soko siku ya sikukuu ya Mtakatifu Anna. Sufuria zake kubwa zote zilitoka ua ule tangu enzi za Mzee Exilhomme.

"Madan Anélus, nimesikia."

"Kama umesikia, acha kuniita hivyo."

"Nikuite nani sasa?"

"Jina langu nilipewa na baba yangu. Hilo hakulipakia mkokotenini."

Madan Ostane akacheka mpaka kilemba kikalegea. Kisha akaacha kucheka, maana yeye ni mwanamke wa biashara. "Nataka namba kumi kwa ajili ya sikukuu. Mumeo wa zamani ameniambia nisipoteze siku zangu kwako, atanisubia yeye. Mimi sina ugomvi na mtu. Nitapima kwa kopo langu. Namba kumi hunywa makopo ishirini, si kumi na tisa. Atakayeniletea ishirini ndiye nitakayenunua kwake toka leo, na wapishi wenzangu watanifuata."

"Lete kopo lako Jumamosi ya sikukuu."

"Una vifaa gani, mwanangu?"

"Nina nguruwe."

Nguruwe alikuwa mmoja, na angetosha kununua vifaa mara moja. Hapakuwa na mara ya pili. Sufuria ikitoka na tundu, maneno ya Anélus yangekuwa kweli maisha yote: alikuwa anachekecha mchanga tu.

Clervilia alimuuza nguruwe asubuhi, na saa nne alikuwa kwa Merisma, muuza vyuma chakavu nyuma ya kituo cha malori. Alifuatana na Ifane, jirani yake, aliyemsimamia binti wa Clervilia kwenye ubatizo, na tangu hapo wakaitana komè kama desturi ilivyo.

"Karibuni, warembo," alisema Merisma. "Mnatafuta kikaango?"

"Natafuta chombo cha kuyeyushia," alisema Clervilia. "Na ringi ya lori, na pistoni mbovu kilo sita, na kitu cha kupulizia."

"Nani anasubu?"

"Unamwona mwingine hapa?"

"Komè wangu anasubu," alisema Ifane. "Mimi ni mzungushaji. Ukicheka, tunakwenda kwa ndugu yako."

Merisma akameza kicheko chake. Akaleta ndoo ya bati, nene, inang'aa. "Hii ni malkia."

"Hiyo ikipata moto mkali hutoa moshi mweupe. Baba yangu alilala siku tatu anatetemeka kwa moshi ule. Mpe mkeo achotee maji."

Akaleta kipande cha bomba kilichochomelewa kitako. Clervilia hakukitazama mara mbili. Alikigonga kwa jiwe, akasikiliza, akagonga tena kwenye kiungo. Sauti ilikatika kama kikombe chenye ufa. "Hiki kitafunguka kitako nikiwa nimekibeba. Unataka nitembee kwa magongo?"

"Wewe mwanamke ni mgumu kuliko mumeo!"

"Ndiyo maana yeye aliungua mguu na mimi sijaungua."

Akazunguka mwenyewe uani, mikono nyuma, polepole, kama anayechagua nyama. Pembeni, chini ya kivuli cha lori bovu, mbwa wa Merisma alikuwa anakunywa maji kwenye kitako cha mtungi wa gesi ya kuchomelea, uliokatwa kwa msumeno. Chuma kinene, kitako kimesubiwa pamoja na ubavu, hakuna kiungo hata kimoja. Clervilia akamwaga maji, akakigonga. Kililia muda mrefu, sauti moja.

"Hicho ni cha mbwa!" alisema Merisma.

"Mbwa mnunulie ile ndoo, kwake itafaa."

Hakumaliza hapo. Anélus alipenda chombo kikubwa, cha kubebwa na wanaume wawili, maana alipenda kuonekana. Clervilia alijaza pistoni katika kile chombo cha mbwa, uzito wa sufuria moja namba kumi na zaidi kidogo, akakikamata kwa koleo la Merisma, akanyoosha mikono. "Hesabu," alimwambia Ifane. Alisimama hivyo mpaka hamsini na chombo hakikucheza. Kilichozidi hapo hakikumhusu. Alikuwa anachagua vifaa vya mikono yake mwenyewe. Koleo lenyewe alilikataa, lilikuwa fupi. La kwake lilifuliwa na mhunzi, urefu toka bega lake hadi ardhini.

Merisma akataka kumuuzia feni ya umeme. "Umeme huja hapa kama padre wa mlimani," alisema Clervilia, "na alumini haingoji padre." Akachukua gurudumu la baiskeli na sanduku la mapezi ya bati, vya kuzungusha kwa mkono. Ringi ya lori, ndiyo ingekuwa tanuri, aliipaka ndani udongo uliochanganywa na majivu, mara tatu, kila mara ukauke. Ifane alitaka kumsaidia kwa kuleta mawe mazuri ya mtoni ya kuzungushia.

"Komè, hayo yana maji ndani. Yakipata moto yatapasuka, tutaokota meno yetu."

Vikabaki visanduku vya mchanga. Fundi seremala alitaja bei ambayo Clervilia hakuijibu hata kwa tusi. Alirudi nyumbani, akasimama mlangoni mwa chumba, akakitazama kitanda. Mkangazi wa zamani, mbao pana, zilizonyooka, zilizokauka miaka kumi na tisa.

"Hapana, komè," alisema Ifane.

"Kwa nini hapana?"

"Utalala wapi?"

"Mahali popote nitakapolala vizuri kuliko hapo."

Wakakivunja kabla ya chakula cha mchana. Mbao za kichwani zikawa kisanduku cha juu, za miguuni kisanduku cha chini. Ifane alisema ni mara ya kwanza kitanda kile kupata kazi ya maana, na Clervilia, ambaye hakuwa mtu wa kucheka siku zile, ilimbidi akae chini kwa kicheko.

Sufuria mama aliisugua kwa mchanga na majivu mpaka masizi yote yakatoka na alumini ikawa laini kama shavu. Mchanga mweusi aliuchota alipochota baba yake, akauchekecha, akaunyunyizia maji kwa vidole, akaukamata kiganjani na kuuvunja. Ukimwagika, haujakolea. Ukiacha maji mkononi, utakulipukia usoni. Ulivunjika vipande viwili safi. Hapo akajua, kabla ya moto kuwashwa, kwamba sufuria imekwisha kupatikana.

Walisubu Alhamisi asubuhi. Ndani ya chombo alipaka udongo mwembamba ili chuma kisiliwe na alumini, akakikausha vizuri. Ifane alizungusha mpaka blauzi ikamshika mgongoni. Clervilia aliengua taka juu ya alumini, akachovya kijiti kikavu cha msonobari. Kilitoka kimeungua lakini hakijashika kitu, alama kwamba alumini imeiva.

"Acha," alimwambia Ifane.

Akakamata, akainua, akamimina mara moja bila kusita, uzi mmoja mweupe, mpaka alumini ikachungulia kwenye tundu la pili la kisanduku. Akaweka chombo chini, akafuta uso.

Jumamosi ya sikukuu soko lilijaa. Madan Ostane aliweka sufuria mbili juu ya meza yake, ya Anélus na ya Clervilia. Anélus alikuwepo, kofia mpya, mikono kiunoni.

"Hiyo umeisubu au umeikaanga?" aliuliza kwa sauti ya kusikika.

Madan Ostane alianza kumimina maji kwa kopo lake, na wanawake wakahesabu pamoja naye. Sufuria ya Anélus ilinywa kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, kisha maji yakamwagika mezani.

"Kopo lako ni kubwa!" alisema Anélus.

"Kopo ni lilelile baba, toka ulipokuwa huna kofia."

Ya Clervilia ilinywa kumi na tisa. Ikanywa ishirini, maji yakasimama ukingoni yakitetemeka, hayakumwagika.

Anélus akasogea, akaitazama, akapitisha kidole kwenye sikio la sufuria. Yeye alikuwa ameazima namba kumi ya mteja akaifanya kielelezo, maana alipofika kwake na mkokoteni alikuta mama tisa tu, akadhani ya kumi ilidondoka njiani. Uso wake ukabadilika taratibu.

"Ile ya maharage," alisema.

"Ndiyo hiyo," alisema Clervilia. "Chumvi ilitosha?"

Soko zima lilimcheka, na akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka shughuli. Madan Ostane alilipa hapohapo, na wapishi wawili waliagiza kabla ya adhuhuri.

Ila Madan Ostane alipoondoka na sufuria yake kichwani aligeuka. "Na kifuniko?"

Kifuniko mama cha namba kumi kilikuwa rafuni siku ile, hakikuwa motoni, kwa hiyo kilikwenda na mkokoteni. Clervilia angeweza kumpa seremala achonge kielelezo kingine cha mbao. Watu wamemshauri hivyo, hata Ifane. Hataki. Namba kumi zote zinazotoka ua ule hadi leo zinauzwa wazi, na wapishi huzifunika kwa majani ya mgomba, na kila anayeuliza anajibiwa neno lilelile: kifuniko kiko mtaa wa chini, upande wa makaburini.

Anélus Dorvilus anadaiwa kifuniko hicho, pamoja na sufuria mama tisa za Mzee Exilhomme. Na anadaiwa kusimama sokoni siku ya Jumamosi, pale aliposimama kwanza, aseme nani alikuwa anashindilia mchanga.