Rahabu Alipofunga Maji ya Jirani

Rahabu wa Kwai alikuwa amepita miaka sitini alipopata likizo yake ya kwanza. Kabla ya hapo aliamini kuwa likizo ni mali ya walimu na watu wa ofisini.

"Mwenye ng'ombe anamwomba nani ruhusa?" aliniuliza mara moja, akicheka. "Nimwandikie ng'ombe barua?"

Mimi ni mteja wake wa maziwa. Nilipanda milima hii kutoka Tanga kuja kufundisha chuoni Lushoto, nikabaki. Asubuhi Rahabu huteremka kwenye pikipiki ya mwanawe Zabron mbele ya mlango wangu, madumu yakigongana, nami humwamkia, naye huketi barazani kidogo kabla ya kuendelea sokoni. Ni katika vikao hivyo vifupi nilipoisikia safari yake ya Australia, kipande kwa kipande, na vipande vingine nikavipata kwa binti yake Glory kupitia simu.

Glory ni muuguzi. Anaishi Mildura, mji wa jua kali kando ya mto Murray, anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Alikuwa ameshakaa huko miaka minne alipomtumia mama yake tiketi, na ujumbe kwamba safari hii hakuna visingizio, ng'ombe watakamuliwa na Zabron.

Siku chache kabla ya kuondoka, Rahabu alikaa barazani kwangu muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Mwalimu," akasema, "watu wanadhani nakwenda kutembea. Nitatembea, sawa. Lakini nakwenda kuangalia jambo moja tu. Baba Zabron alipoanguka shambani, kabla sijapiga ukelele wa pili watu walikuwa wameshafika. Mwanangu akianguka kule, nani ataingia?"

 Mimi mwenyewe ni mtu wa kufunga mlango mapema.

Basi akateremka mlima hadi Mombo, akapanda basi la Dar es Salaam, na kutoka huko ndege. Alikuwa amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na ya tatu ilikuwa mkononi, kwa sababu Glory aliwahi kumwambia kuwa Australia kuna baridi. Glory alisema hivyo mwezi wa saba. Rahabu alifika mwezi wa kwanza. Uwanja wa ndege wa kule walimwondolea maharage aliyombebea Glory, wakamweleza kwa upole kuwa ni kwa ajili ya kukinga mazao yao na magonjwa. Hakukasirika. "Hata mimi nisingekubali mche wa mtu nisiyemjua uingie shambani kwangu," aliniambia. Wakamwachia majani ya chai, kanga, na kikapu cha ukindu.

Walipofika Mildura, yeye na Glory aliyekuja kumpokea, baada ya saa nyingi za barabara iliyonyooka kama kamba, alifungua mlango wa gari, na joto likampiga usoni kama la tanuri la mikate. Akavua sweta ya kwanza. Akavua ya pili. Ya tatu akaitupa kwenye kiti.

"Glory," akasema, "hapa mnaishi ndani ya jiko."

Lakini mji ulimpendeza. Alipenda udongo wake mwekundu, uliofanana na wa kwetu. Alipenda mizabibu iliyopangwa mistari hadi macho yachoke, na mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa, wenye miti mikubwa ya magome meupe kingoni. Alipenda kasuku weupe, ingawa alisema kelele zao ni za watu wanaogombania urithi. Alikula aiskrimu mpaka jino likamuuma. Glory alimpeleka kwenye mchanga wa kando ya mto, ambako watu wamejilaza juani karibu uchi, wazee kwa vijana.

"Hawa wanaumwa?"

"Wamepumzika, mama."

"Wamepumzika! Wamelala kama mahindi yaliyoanikwa. Hakuna wa kuwageuza?"

Glory alicheka hadi akakaa chini. Hapo, Rahabu anasema, alimwona mwanawe wa zamani, yule wa kukimbiza ndama kule Kwai. Akafurahi. Ila jioni, walipokaa nyumbani, alirudia kuhesabu moyoni mambo aliyoyaona. Tangu afike hakuna mtu aliyebisha hodi. Hakuna aliyekuja kuazima kiberiti wala chumvi. Nyumba ya jirani ilikuwa pale pale, imetenganishwa na yao kwa mstari wa miti tu, na nyuma yake palikuwa na shamba dogo la mizabibu.

"Anaitwa nani huyo?"

"Nani?"

"Huyo jirani yako."

Glory akafikiri. "Nadhani ni Maureen. Au Marlene. Tunapungiana mikono."

Rahabu akaenda dirishani kuitazama nyumba ile. 

Juma la pili, siku moja ya joto kupita kiasi, Glory alikuwa kazini. Rahabu alitoka nyuma ya nyumba kabla ya saa sita, akaona maji. Yalikuwa yakitoka kwenye bomba nene shambani kwa jirani, yakitiririka katika mfereji kati ya miche michanga ya mizabibu. Akaangalia huku na huku. Hakuna mtu. Hakuna mwenye jembe, hakuna hata mtoto wa kuangalia.

Hapa inabidi mtu aijue Kwai. Kwetu maji ya mfereji huenda kwa zamu, na mwenye zamu husimama nayo, jembe mkononi, hadi tone lake la mwisho. Maji yanayotembea peke yake maana yake ni mojawapo ya mambo mawili: kitu kimepasuka, au mtu anaiba. Atakayeyaona kwanza ni lazima ayafunge. Halafu huweka tawi bichi juu ya mahali alipofunga, ili mwenyewe ajue kuwa ni mkono wa jirani mwema, naye atakuja kujieleza.

Rahabu akavuka mstari wa miti. Akaishika koki kwa mikono miwili, akaizungusha mpaka ikagoma. Akavunja kitawi, akakilaza juu yake. Akabisha hodi kwenye nyumba, mlango wa mbele na wa nyuma. Kimya. Akarudi ndani akaoga, roho ikiwa nyeupe kabisa.

Marlene, maana jina lake lilikuwa hilo, alikuwa amekwenda mjini. Alikuwa ameyafungulia maji kwa makusudi, kama alivyofanya marehemu mume wake miaka yote, yanyweshe yenyewe wakati yeye akifanya shughuli zake. Aliporudi alasiri alikuta mfereji umekauka na miche imelegea, majani yamekunjamana kama mchicha uliotiwa maji ya moto.

Glory alikuwa ndiyo kwanza anaegesha gari. Akamwona mama wa umri wa Rahabu, mrefu, kofia kubwa kichwani, anakuja mbio na kitawi mkononi.

"Nani ameweka hiki kwenye koki yangu?"

Glory hakuelewa. Rahabu, aliyekuwa mlangoni, alielewa bila kujua Kiingereza. Akanyoosha kidole kifuani kwake.

"Ni mimi."

Marlene akasema mengi. Kwamba miche ile aliipanda kwa mikono yake mahali mume wake alipong'oa mizabibu ya zamani. Kwamba joto lilikuwa limepita nyuzi arobaini. Kwamba katika maisha yake yote hajapata kuona mtu anaingia kwenye shamba la mwenzake na kufunga maji. Kisha akaondoka, kitawi bado mkononi.

Glory aliingia ndani akajitupa kwenye kiti.

"Mama, umeniua. Miaka minne! Miaka minne hapa sijagombana na mtu hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja!"

"Basi humjui mtu hata mmoja," Rahabu akasema.

 Glory aliniambia baadaye kuwa alitaka kulia, na hakujua kama ni kwa hasira au kwa sababu ilikuwa kweli.

Kesho yake alfajiri, kabla joto halijaamka, Rahabu alimvuta mguu.

"Amka. Tunakwenda kuomba radhi."

"Mama, huku watu huandika kikaratasi wakakiweka mlangoni."

"Karatasi haina magoti. Chukua ndoo."

Walimkuta Marlene ameshafika shambani, amechuchumaa kando ya miche. Rahabu akapiga goti palepale kwenye udongo, akaweka mbele kikapu cha ukindu chenye majani ya chai ndani yake, akaanza kusema kwa Kiswahili, akichanganya na Kishambaa palipomzidi. Glory akatafsiri: mama yangu anasema amekosa. Anasema kwao maji yasiyo na mtu ni maji yanayopotea, na kitawi ni alama ya mkono wa jirani mwema. Anasema hakujua kuwa hapa maji yanaaminiwa kuachwa peke yake.

Marlene akamtazama Rahabu, akatazama kikapu, akatazama ndoo.

"Mwambie ainuke," akasema. "Magoti ya umri wetu hayachezewi."

"Anasema inuka, magoti yako yamezeeka."

"Mwambie ya kwake pia," Rahabu akajibu, na Glory, bila kufikiri, akatafsiri.

Marlene akaangua kicheko. Kilikuwa kicheko kikavu, cha mtu asiyekitumia mara kwa mara, Rahabu anasema, kama mlango wa ghala.

Asubuhi hiyo walinywesha mche mmoja mmoja kwa ndoo, na kesho yake, na siku zilizofuata. Mingine ilikufa. Mingi ilitoa majani mapya. Wakati wa kazi Glory alikaa kati yao akitafsiri, na siku aliyokuwa na zamu ya asubuhi wazee hao wawili waliendelea bila yeye, kila mmoja kwa lugha yake, wakionyeshana wadudu. Marlene aliwachukua kwenye meli ya zamani yenye gurudumu kubwa ubavuni, inayokwenda kwa mvuke na kupiga honi kila ikikaribia lango la maji, lile linaloinua na kushusha vyombo mtoni. Rahabu aliwapungia mkono watu wote wa kingoni, na wote wakampungia. Alichukia kitu kimoja tu, zabibu zenye mbegu, na Marlene akamtafutia zisizo na mbegu.

Hata hivyo jambo alilokwenda kuliangalia lilikuwa bado. Marlene alikuwa akija, ndiyo. Lakini alikuwa akimjia yeye. Akiondoka, je? Siku zilipokaribia mwisho Rahabu alifungua sanduku, akaweka kanga ndani, akazitoa. Akaweka sweta, akazitoa. Alimwambia Glory anatafuta soksi. Ukweli ni kwamba alikuwa anafikiria kumwomba aahirishe tiketi, na aliona aibu, maana ng'ombe nao wana haki yao.

Siku ya kuondoka, Glory alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala kama gogo hadi saa ya safari ifike. Rahabu alikuwa chumbani kwake na sanduku lililo wazi. Nje upepo ulianza kuvuma, na mbingu upande wa magharibi ikawa nyekundu. Vumbi la huko, akikusimulia, utadhani mlima umeamua kutembea.

Mlango ukagongwa. Haukugongwa kwa adabu. Uligongwa kwa ngumi.

"Glory! Glory, amka!"

Rahabu akasikia mwanawe akijikokota kwenda kufungua, halafu sauti ya Marlene ikaingia nyumba nzima. Kiingereza chake kilikwenda kasi, lakini mama yeyote duniani angekijua kwa mdundo wake. Glory alitafsiri baadaye, ingawa haikuhitajika:

"Unalalaje namna hii na nguo zako zote ziko kwenye kamba? Huoni vumbi linavyokuja? Sare za kazi, mashuka, kila kitu! Nisingetazama dirishani ungezifua upya zote! Na umekula? Hujala. Ukilala bila kula baada ya zamu ya usiku utaanguka, nami nina ufunguo gani wa kuingilia humu? Nipe ufunguo."

Rahabu akachungulia. Marlene alikuwa amesimama mlangoni, kofia imepinda kwa upepo, amekumbatia kikapu cha ukindu kilichojaa nguo zilizokunjwa. Juu ya nguo palikuwa na kitawi kibichi.

Glory alikuwa akisema, "Samahani, samahani," macho yamejaa usingizi, huku akipapasa droo ya mezani kutafuta ufunguo wa akiba.

Rahabu akarudi chumbani. Akaziweka kanga, akaziweka sweta zote tatu, akakalia sanduku ili lifungike.