Vibonye Visivyofutika

Herufi A ndiyo iliyofutika kwanza. Haikunishangaza, maana Kiswahili kimejaa A kila kona. Ikafuata I, kisha N na K, hadi kibodi yangu ikabaki tupu, isipokuwa X na Q zilizoendelea kung'aa kwa sababu hakuna aliyezihitaji. Sikujali. Vidole vilishajua njia, kama ng'ombe wanavyojua njia ya zizini.

Nilikuwa na chumba cha steshenari Mbulu, kimepakana ukuta kwa ukuta na chumba ninacholala. Watu walileta barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao vya kijiji, kadi za harusi, wasifu wa marehemu. Huo wa mwisho haungoji kesho, kwa hiyo sikuwa na siku ya kuumwa. Kibodi za bei rahisi hazikuvumilia vumbi la barabara yetu. Hii yangu ilikuwa nzito, ya kizamani, kila kibonye na springi yake chini, tena ilikuwa na huruma: ukibonyeza nusu tu, herufi inatoka.

Hata huruma hiyo ikaacha kunitosha. Mkono wa kulia ulianza kufa ganzi. Asubuhi nikikamua, chuchu ya ng'ombe inaniponyoka. Daktari akaniambia niupumzishe miezi kadhaa, la sivyo utashindwa kushika kitu. Ningemcheka, lakini nilikuwa nimechoka hata kucheka. Nipumzike, halafu pale akae nani?

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuja kutoka Getanuwas kunisaidia. Kuchapa alijua, ila kwa kutazama herufi. Alikaa mbele ya kibodi, akaikagua, akaweka mikono mapajani.

"Wifi, hii umeichapa mpaka ikawa kipofu. Mimi naanzia wapi?"

Tukabandika vipande vya karatasi vyenye herufi. Havikudumu. Huku kwetu baridi ya Juni hupasua ngozi, na mtu hushinda amejipaka mafuta ya mgando mpaka kwenye vidole. Fundi wa kompyuta alipokuja alivigusa vibonye, akafuta mkono kwenye suruali. "Mama, mafuta ndiyo yamekula herufi zako," akasema. "Lakini mwili wa kibodi ni mzima. Vifuniko vya juu vinang'oka, tunaivalisha vingine."

Akaagiza sampuli mbili Arusha. Chini ya kila kifuniko palikuwa na kishimo cha msalaba, na vyote viwili viliingia sawasawa kwenye kibodi. Kimoja kilikuwa cha buluu, chembamba, herufi imepakwa juu kwa rangi nyeupe. Cha pili kilikuwa cha kijivu, kinene, kina ukwaruzo kidogo, na herufi yake ilikuwa plastiki nyingine iliyomiminwa kutoka chini hadi juu. Wifi alikipenda cha buluu papo hapo.

Nikavigonga mezani kimoja kimoja, nikasikiliza, kama mama alivyonifundisha kuchagua kibuyu cha maziwa mnadani. Cha buluu kililia kwa sauti nyembamba. Cha kijivu kilijibu kwa uzito.

"Wifi, unanunua kibonye au kibuyu?"

"Vyote mtu hununua akitaka vidumu," nikamwambia.

Nikavipaka mafuta ya mgando, nikavifunga kwenye kitambaa, nikaviacha karibu na jiko. Baada ya siku chache nikavisugua kwa gunzi, kama nasugua sufuria. Cha buluu kilibaki bila herufi. Cha kijivu hakikubadilika hata kidogo. Wifi alikitazama kile cha kwake, akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yeye kilikuwa kimeshamtembelea. Tulicheka kidogo. Fundi akaagiza vya kijivu.

Vilikuja na basi. Wifi aliivalisha kibodi mwenyewe, maana mimi nilishindwa kuving'oa vile vya zamani.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Nikabaki kitandani, lakini sikulala. Kupitia ukutani nilisikia tok, kisha kimya, kisha tok nyingine. Alikuwa akitafuta herufi. Ningemaliza barua nzima kabla yeye hajamaliza anwani. Iliniuma. Nikashusha miguu chini, nikaanza kutafuta kandambili.

Mlango wa steshenari ukafunguliwa. Nilimtambua kwa sauti, ni mzee wa Tumati, mteja wangu wa miaka mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Amelala."

"Anaumwa sana?"

"Amelala tu, mzee. Lete hiyo karatasi, herufi zipo."

Tangu nifungue kile chumba, hakuna aliyewahi kusema kwamba nimelala mchana kweupe. Machozi yalinitoka. Nikarudisha miguu kitandani, nikajifunika blanketi.