Mimba ya Tatu ya Suzana

Msimu ule wa palizi ya pamba, Suzana alikuwa mwanamke pekee wa kijiji cha Lusu aliyelala mchana. Alilalia ubavu wa kushoto kama alivyoagizwa hospitalini Nzega, akiwasikia wenzake wakipita nje na majembe, wakimcheka.

Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, kila moja katika mwezi wake wa sita. Vikongwe walizizika nyuma ya nyumba kimya kimya, kwa kuwa pale kwao mtoto ambaye hakulia hawekewi matanga. Hakuna aliyeleta maji wala kuni. Baada ya kila maziko Suzana alirudi shambani, kana kwamba alikuwa ametoka sokoni.

Mimba ya tatu ilipotunga, akaenda hospitali mapema. Nesi Renatus alimweleza kwamba mlango wa kizazi chake ulikuwa dhaifu.

"Daktari ameushona kwa uzi, dada, lakini uzi si ukuta. Usibebe ndoo, usilime, usitwange. Kila wiki anayokaa mtoto ndani, mapafu yanakomaa, ubongo unakua, anapata mafuta ya kumtia joto. Akitoka mapema tutahangaika naye, na pengine tutashindwa. Tunataka afike mwezi wa tisa."

Mumewe, Masolwa, akaanza kuteka maji mwenyewe. Vijana kisimani walimwita "mama Masolwa." Akawajibu kuwa mama Masolwa ni mkubwa wao, basi wampe shikamoo.

Mimba ilipoingia mwezi wa saba, jirani yao mzee Ngollo akafariki. Katika kijiji chao, kila mke wa nyumba hupeleka msibani ndoo ya maji kichwani mwake mwenyewe. Hatumi mtu. Asiyepeleka hutengwa: hasalimiwi, hapewi hata kaa la moto, na siku akifiwa, majirani hubaki makwao.

Suzana alimtuma Masolwa apeleke kuku na debe la unga. Vitu hivyo vilirudi na mama Jilala, mkuu wa wanawake wa msiba. Alivibwaga mlangoni.

"Marehemu haogeshwi kwa kuku, Suzana."

"Mama Jilala, unaijua hali yangu."

"Naijua. Mimi nimezaa saba, na wote nimebeba ndoo wakiwa tumboni. Wewe ni yai?"

"Wangu wawili walipozikwa, nani alileta ndoo?"

Mama Jilala alikung'uta unga mikononi. "Wale hawakuwa msiba," akasema, kisha akaondoka.

Mhoja, mama yake Masolwa, alikuwa ameketi kaegemea ukuta akisikia yote. Alikuwa mzee, miguu imevimba, na hofu yake kubwa ilikuwa moja.

"Mwanangu, mimi sina siku nyingi," alisema. "Wakitutenga, nitachimbiwa kaburi na nani? Masolwa peke yake, kama anafukia mbwa? Ndoo moja tu. Ijaze nusu."

"Mayu, mama yangu, nikimpoteza na huyu?"

"Ni hapo tu, nyuma ya mihogo."

Masolwa alikuwa makaburini akichimba na wanaume wengine, hivyo hakuwepo wa kumzuia. Suzana aliwaza wale wawili waliozikwa nyuma ya nyumba, akawaza pia kikongwe huyu aliyemuuguza mara zote mbili. Akainuka. Akakunja ngata, akaweka ndoo kichwani.

Hakufika. Kwenye mihogo, kiuno kilikaza, na tumbo likawa gumu kama jiwe. Alitaka kuitua ndoo polepole, ikamponyoka. Mhoja, aliyekuwa akimfuata kwa fimbo, alimkuta amepiga magoti ndani ya tope la maji yale, ameshika tumbo kwa mikono miwili kama anayezuia mlango usifunguliwe.

"Mayu, anatoka. Mwambie asitoke."

Kikongwe yule alikwenda hadi barabarani, akasimama katikati na kuinua fimbo mpaka bodaboda ikasimama.

Hospitalini Nzega uzi ulikuwa bado umeshika. Walimpa dawa ya kutuliza uchungu, wakamchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, wakamwambia hataondoka kitandani mpaka ajifungue. Nesi Renatus hakumkaripia. Alisema tu, "Kila siku tutakayopata, tutashukuru."

Baada ya maziko Masolwa alifika. Akawaambia kwamba walikuwa wametengwa. Mama Jilala alikuwa ametoa nafasi moja: Mhoja arudi siku ya kuondoa tanga, msiba unapomalizwa, aombe radhi mbele ya watu, na siku yake ikifika atazikwa kama wengine. Suzana hakutajwa.

"Nenda, mayu," Suzana alisema. "Nesi yupo."

"Nesi ana wagonjwa arobaini. Nani atakushikia beseni?"

"Na kaburi lako?"

Mhoja alikuwa akimmenyea chungwa. Hakuacha kumenya. "Wasiponizika, nitanuka. Wao ndio watakaosumbuka, mimi sitasikia."

Suzana akaanza kucheka, kisha akajizuia kwa hofu, akashika tumbo. Lilikuwa linakaza tena. Mhoja akaweka chungwa chini, akampa mkono, na Suzana akaubana kwa nguvu zake zote. Masolwa akatoka mbio kumwita nesi.

Tumbo likalegea. Siku ile ya kuondoa tanga likakaza tena, na mkono wa Mhoja ulikuwa palepale.