Ukungu wa Kona ya Ihanda

Kila ilipokaribia kona ya Ihanda, treni ya Enoka Kibona iliganda. Haikusimama. Kusimama na kuganda ni mambo mawili, na Enoka, aliyeendesha treni za kweli kwa miaka kumi na minne, aliijua tofauti hiyo mwilini. Treni inayosimama huguna, hushusha pumzi, mabehewa yakagusana kwa nyuma moja baada ya jingine mpaka la mwisho. Hii ya kwenye kompyuta ilikatika tu: mlima nusu, migomba ikining'inia hewani, kisha ghafla kichwa cha treni kikajikuta mita hamsini mbele, kama msinziaji wa kanisani aliyefinywa. Akivuta breki, breki iliitika kwa kuchelewa. Kizunguzungu kilimpata, akafumba macho, na safari ikaishia hapo.

Alichotaka ni safari moja tu, kutoka Tunduma mpaka Mlowo bila kukwama. Aliianza safari hiyo asubuhi moja, miaka kumi na tisa iliyopita, katika treni ya chuma na dizeli, akaiacha katikati, kwenye kona hiyohiyo. Tangu siku ile hakukalia tena kiti cha dereva. Hakuna aliyemfukuza. Aliomba mwenyewe kazi ya kupanga mabehewa stesheni, akaifanya kimya kimya hadi alipostaafu.

"Baba Nesta," Marita alisema kutoka mlangoni, mikono yake imejaa unga, "mke mwenzangu amekususia tena?"

Jina hilo la mke mwenza Marita aliipa kompyuta siku ilipofika, imefungwa kwenye blanketi na kutumwa kwa basi na binti yao Nesta, ambaye ofisi yake huko Dodoma ilikuwa imebadilisha mashine.

"Amenuna," Enoka alijibu.

"Na wewe unambembeleza tangu asubuhi. Mimi nikinuna nusu saa unaenda kuangalia kuku."

Enoka alizaliwa Ileje, milimani, mahali ambapo reli haifiki. Treni ya kwanza aliiona akiwa na miaka kumi na saba, amekuja na mjomba wake kuuza maharage, na alichokumbuka zaidi haukuwa ukubwa wake wala kelele. Alikumbuka jinsi watu wa madirishani walivyopita wakiwa wamekaa. Walikuwa wamekaa, na bado walikuwa wanakwenda. Jambo hilo lilimkaa moyoni kama ndoto ambayo mtu hawezi kuisimulia ikaeleweka. Akaja kuwa kibarua wa kubadilisha mataruma yanayolaliwa na reli, akawa msaidizi, na alipofikisha thelathini akawa dereva.

Mchezo wa treni ulikuja ndani ya kompyuta ya Nesta bila mtu kuuagiza. Huenda kijana fulani wa ofisini aliusahau humo. Enoka alipogundua kwamba mtu anaweza kujitengenezea reli yake mwenyewe, hakulala vizuri wiki nzima. Kwa miaka miwili alijenga. Aliweka stesheni ya Tunduma na mapaa yake, foleni ya malori yanayosubiri mpaka, Mpemba, vilima, makanisa ya bati, Vwawa, Mlowo na maghala yake ya mazao. Kadiri alivyojenga, ndivyo treni ilivyozidi kuwa nzito, mpaka ikawa haipiti Ihanda.

Siku ya Jumanne aliibeba kompyuta hadi mtaa wa Majengo, kwa fundi Zakia. Kibanda cha Zakia kilikuwa pembeni ya duka la vipuri vya malori la Shaban, na muda wote wawili hao walirushiana maneno juu ya ukuta wa mbao. Zakia alikuwa na bisibisi tatu kwenye mfuko wa kifuani na hijabu iliyobanwa kwa pini ya kufungulia laini za simu.

"Shikamoo, mzee wa reli."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

"Anakwama-kwama."

Zakia aliiwasha, akaufungua mchezo, na kwenye pembe ya kioo akaweka tarakimu ndogo ya kijani. Hizo, alieleza, ni picha ambazo mashine inachora kwa sekunde moja. "Jicho ukilipatia thelathini, linakubali kudanganywa, linaona kitu kinatembea. Ukilipatia tisa, linagundua." Kwenye stesheni ya Tunduma tarakimu ilisema kumi na saba. Mpemba, kumi na mbili. Ilipokaribia Ihanda ikashuka: nane, saba, sita.

"Sita!" Shaban alichungulia juu ya ukuta. "Hata mimi nikichora kwa mkono napata sita."

Zakia aliifungua mashine, akapuliza vumbi, akapaka dawa mpya juu ya kile kidude kinachopata moto, akaongeza kumbukumbu. Akazima programu zilizokuwa zinakula nguvu kwa siri. Kisha akaingia ndani ya mchezo wenyewe, akapunguza mng'ao wa maji, akapunguza majani, akaondoa vivuli. Kila jani, alisema, linataka kivuli chake, na kila kivuli ni kazi. Enoka alitazama vivuli vikitoka chini ya miti yake kimoja kimoja, na miti ikabaki kana kwamba imesahau ilikosimama. Tarakimu ikapanda hadi kumi na moja, ikagoma.

"Kuna kitu hapa Ihanda," Zakia alisema, akausogeza uso karibu na kioo. "Mzee, hivi vichaka ni nini?"

"Kahawa."

"Vyote?"

"Miche elfu kumi na moja, na mia kadhaa."

"Umeipanda mwenyewe? Mmoja mmoja?"

"Kahawa haimwagwi kama ulezi, mwanangu."

Zakia alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Shaban akadakia kutoka upande wake: "Mzee, ukianza kuvuna nishtue, lori ninalo!"

"Lakini mbona umejaza hapa tu?" Zakia aliuliza alipotulia. "Kwingine umepanda kwa kipimo. Hapa imefika mpaka kwenye kokoto za reli."

"Ndiyo mahali pa kahawa."

"Na mbona humu ndani kila siku ni saa sita mchana, mwezi wa kumi?"

"Ili nione vizuri."

"Hicho ndicho kinachokuponza. Unaona mpaka milima ya Ileje, kwa hiyo mashine inalazimika kuchora mpaka Ileje. Masikini inachora kila mche, hata ule usioutazama." Alikuwa ameshaanza kubonyeza. "Mashine haichori kisichoonekana. Ngoja."

Kioo kikawa cheupe. Weupe ulishuka kutoka juu, laini, ukafunika vilima, ukafunika kahawa, ukaacha reli mbili zinazong'aa kidogo na kupotea baada ya mita mia mbili. Tarakimu ya pembeni ikaruka hadi thelathini na nane. Ikafika arobaini na moja. Treni ikaanza kwenda kwa ulaini ambao Enoka hakuwa ameuona kwa miaka kumi na tisa, ikielea, ikiuingia weupe, na weupe ukiipisha.

"Hee!" Shaban alisema. "Hiyo ni Mbozi ya mwezi wa sita kabisa. Mpaka nasikia baridi."

"Toa," Enoka alisema.

"Mzee, ona tarakimu..."

"Toa, mwanangu."

Zakia alimtazama, akaona mkono wake ulivyoshika ukingo wa meza, na akatoa. Jua la mwezi wa kumi likarudi, na picha zikarudi kumi na moja.

"Basi dawa iliyobaki ni kung'oa kahawa," alisema taratibu. "Uing'oe yote ya hapa. Lakini ukungu nimekuachia kwenye kitufe hiki cha juu, cha tano. Ukikibonyeza unashuka, ukikibonyeza tena unaondoka. Sikulazimishi, baba yangu."

Asubuhi ile ya miaka kumi na tisa iliyopita ilikuwa mwezi wa sita, saa moja kasoro. Treni ya mizigo, na msaidizi wake aliitwa Watson. Ukungu ulikuwa wa kawaida, ule ambao watu wa Mbozi huamka nao, wakachunga nao na kuchota maji nao bila kuutaja. Enoka alikuwa ameupita mara mia. Katika kona ya Ihanda alimwona mtu amesimama katikati ya reli. Alikuwa amejitanda blanketi la kijivu na ameuelekeza uso kwenye treni, ametulia kama anayesubiri kuvuka. Enoka alikamata breki ya dharura. Treni ililia kwa muda mrefu sana. Iliposimama, yeye na Watson walishuka, wakarudi nyuma kwa miguu, wakapekua chini ya mabehewa, wakapekua majani pande zote mbili mpaka jua likatoka. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na damu, wala unyayo, wala uzi wa blanketi. "Kaka," Watson alimwambia, "mimi sikuona kitu." Katika ripoti iliandikwa kwamba dereva aliona mtu na mtu hakupatikana. Hayo yalikuwa maneno ya kweli, na hayakumsaidia. Kama alimgonga, yuko wapi? Kama hakuwepo, yale macho yaliyomtazama yalikuwa ya nani? Enoka alikaa kwenye kokoto, na mikono yake ikakataa kurudi kwenye mpini wa breki. Watson ndiye aliyeifikisha treni Vwawa.

Nyumbani alianza kung'oa. Siku ya kwanza aling'oa miche mia tatu, ya pili mia mbili, na ya tatu alikaa ameshika kipanya bila kubonyeza. Kilima kilikuwa kimeanza kuwa na upara kando ya reli, na kwenye upara ule mtu angeweza kusimama. Ndipo alipojiona. Miaka miwili alikuwa anajiambia kwamba anapamba, kumbe alikuwa anajaza. Alipanda kahawa mpaka kwenye kokoto ili pasibaki hata hatua moja ya kuweka miguu, akawasha jua la saa sita ili pasiwe na pa kujificha. Na kwa kufanya hivyo alikuwa amepafanya pazito kiasi kwamba hapapitiki.

Marita aliingia na kikombe cha chai. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mwanga wa dirishani ulilala juu ya meza.

"Mama Nesta, kaa hapa."

"Nikae niwe abiria?"

"Uwe msaidizi."

"Msaidizi kazi yake nini?"

"Anaangalia upande wa kushoto."

"Mshahara?"

"Kaa, mwanamke."

Alivuta kigoda, akakaa karibu na bega lake. Enoka alirudisha mmoja mmoja miche aliyoing'oa, kazi iliyochukua muda, na Marita hakuuliza kwa nini. Kisha akaipeleka treni stesheni ya Tunduma, akaweka kidole kwenye kitufe cha tano, na kubonyeza.

Weupe ukashuka.

Waliondoka taratibu. Malori ya foleni yalitokeza yakiwa vivuli, yakawa malori, yakawa vivuli tena. Hakuna kilichoruka wala kukatika. Mpemba ilikuja kwa sauti kwanza, kengele ya kanisa ambayo Enoka aliiweka humo mwaka jana na hakuwahi kuisikia vizuri kwa sababu ya kukwama. Sasa ilipiga yote, mpigo kwa mpigo, ikabaki nyuma. Reli zilichomoza kutoka kwenye weupe na kuingia chini ya treni bila kuisha. Mabega yake yakashuka. Mkono wa kulia ukapata mahali pake, wa kushoto ukapata pake, na ile hali ya ujana wake ikamjia, ya kuwa umekaa na bado unakwenda. Marita aliisahau chai yake.

"Kumbe ndivyo mlivyokuwa mnaona," alinong'ona.

"Ndivyo."

Kahawa ya Ihanda ilianza kutokea, safu kwa safu, nyeusi na yenye unyevu, na reli ikaanza kupinda. Hakupanga. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye breki, si kwa pupa kama siku ile. Ulikwenda kama mkono wa mtu anayefunga mlango wa chumba ambamo mtoto amelala. Breki iliitika papo hapo. Treni ikapunguza mwendo, ikaguna, ikashusha pumzi, na mabehewa yakagusana kwa nyuma moja baada ya jingine mpaka la mwisho. Ikasimama katikati ya kona. Mbele yao zilikuwa reli mbili, na weupe.

"Imeganda tena?"

"Haijaganda."

"Sasa mbona tumesimama?"

Enoka hakuyaondoa macho kwenye reli. "Nasubiri apite."

Marita ndiye aliyempokea mlangoni asubuhi ile, akamvua sare iliyolowa umande, na kwa miaka yote iliyofuata hakuwahi kumuuliza kama kweli alimwona. Hakumuuliza sasa. Aliweka kikombe sakafuni, akainama karibu na kioo, akaangalia upande wa kushoto, kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa. Aliangalia kwa muda mrefu. Ukungu wa mchezo ulisogea polepole juu ya miche elfu kumi na moja.

"Upande wangu ameshavuka," alisema. "Amechukua njia ya shambani. Twende, Baba Nesta."

Enoka alisubiri kidogo zaidi, kadiri inavyomchukua mtu mwenye blanketi kupanda ukingo na kupotelea kwenye kahawa. Kisha akapiga honi, fupi, akaachia breki. Behewa la kwanza likavutika, la pili likafuata. Vwawa ilitokea na ofisi zake, taa zikielea ndani ya weupe, akasimama pale kwa ustaarabu na kuondoka. Machozi yalimtoka baada ya Vwawa, mahali ambapo njia imenyooka na dereva hana kazi kubwa, na aliyaacha yatoke.

Waliingia Mlowo wakiwa wamechelewa dakika tisa. Marita aliuliza kama sasa msaidizi anaruhusiwa kushuka, maana alisikia harufu ya maharage yakiungua.