Sura Ambayo Hatukuifikia

Mpaka leo nikinusa mafuta ya taa kwenye karatasi, mabega yanajikunja yenyewe kama naitwa mbele ya darasa. Watu wengine harufu hiyo inawakumbusha kibatari. Mimi inanikumbusha kitabu, tena si kitabu kizima, vipande vya kitabu, na swali lililomnyima bibi yangu usingizi.

Nilikuwa darasa la tano. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Kurui, nyumba zimepangwa mistari, kila mtu anaona mwenzake anapika nini. Zamani kila ukoo ulikuwa na kwake, huku na huko njia ya kwenda Maneromango, na ukitaka kujua jirani kala nini ilibidi utembee. Kwetu pale pa zamani sasa paliitwa mahame. Tuliacha mikorosho, shamba la muhogo na kaburi la babu. Tulikatazwa kurudi. Tulisikia kwamba atakayekutwa huko banda lake litachomwa moto na yeye mwenyewe atawekwa ndani. Bibi alipiga makofi mkutanoni kama wenzake. Kisha, kila siku asiyokuwa na zamu kwenye shamba la pamoja, alibeba kikapu akaaga kwamba anakwenda kuokota kuni. Ajabu ya kuni zile, zilikuwa zinachemshwa na kuliwa, na mlango umefungwa.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mwembamba, anatembea kama anayeogopa kukanyaga vifaranga. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, basi bibi mwanzoni alimfurahia mno. Akimwona anapita alimuuliza kama ameshapata mtu wa kumzika, maana mtani ndiye anayekuja msibani kufanya vituko mpaka wafiwa wacheke. Mwalimu naye alimjibu kwamba sanda ya bibi ameshainunua, ila kwa kuwa bibi anachelewa kufa, ameishonea kaptula. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta.

Halafu kikaja kitabu. Shule nzima ilikuwa na nakala moja. Mwalimu akaifumua uzi, akaitenga sura kwa sura, akazishona upya kwa uzi wa mkonge na kuziweka kwenye sanduku alilolipaka mafuta ya taa ili mchwa wasisogee. Sura moja ilizunguka nyumba hadi nyumba. Mtoto aliisoma kwa sauti jioni, wakubwa wakisikiliza, kwa kuwa nao walikuwa kwenye kisomo cha watu wazima. Ikishamaliza mzunguko, tulisimama darasani mmoja mmoja kutoa jibu la nyumba.

Sura za mwanzo zilipita salama. Ikafika ile ya mzee wa migomba. Mzee huyo, wa nchi za mbali huko, alihamishwa mlimani akapelekwa bondeni, lakini akawa anatoroka kwenda kuitazama migomba yake. Swali la mwalimu: je, mzee alifanya vizuri au vibaya?

Bibi akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akauliza nani kaandika. Nikasema mtunzi, yuko mbali.

"Kaandika mwalimu wenu," akasema.

Nikamwonyesha herufi za chapa. Akanijibu kwamba hata kanga ina chapa, na maneno ya kanga yanajulikana yanatungwa kwa ajili ya nani. Kisha akashusha sauti, akaniuliza kama nimeona mwalimu anavyotembea jioni. Mtu mzima, hana mbuzi, hana mgomba, anatembea anatafuta nini?

Tangu hapo na mimi macho yakanitoka. Kweli mwalimu alipenda kutembea jioni, tena njia ile ile ya mahame. Kweli alipita kusalimia wakati watu wamekaa kula. Na siku moja aliponirudishia daftari aliviangalia vidole vyangu, vyeusi kwa utomvu wa korosho tulizochoma, na pale kijijini hapakuwa na mkorosho hata wa dawa. Aliangalia, asiseme kitu. Angesema ingekuwa afadhali.

Bibi akanipa jibu la nyumba: mzee alikosa, akamatwe. Na utani akaufunga. Mwalimu akipita, bibi alisema, "Habari za kazi, mwalimu," kwa adabu, macho chini. Adabu ile ilinitisha kuliko kitu chochote.

Siku ya kujibu, aliyetangulia akasema mzee alikosa, akamatwe. Wa pili vivyo hivyo. Nyumba zote, akamatwe. Mwingine akaongeza afungwe, na mtoto wa balozi wetu wa nyumba kumi, asitake kushindwa, akasema anyongwe. Mwalimu akaweka chaki chini.

"Nyumba zote?" akauliza.

"Nyumba zote, mwalimu."

"Haya," akasema, akatazama nje. Ile "haya" niliitafuna siku nyingi. Haya gani? Haya amepata alichokuwa anakitafuta?

Haukupita muda akaja katibu wa chama kutoka kata. Ilikuwa imevuma kwamba watu wanarudi mahame. Alikagua madawati, akaikuta ile sura mezani, akaisoma amesimama, akatabasamu. Akanigeukia mimi niliyekaa mbele.

"Binti, hapa kijijini hakuna mzee kama huyu?"

Vidole nikavikalia. Bibi asubuhi ile ile alikuwa ameaga, kikapu kichwani. Nilisimama, mikono nyuma, nikahisi naliona banda letu likiwaka kwa sababu yangu.

"Samahani, ndugu katibu," mwalimu akasema kutoka nyuma. "Sura hiyo hawajaifikia."

Karatasi yenyewe ilikuwa imelegea kwa mafuta ya vidole vya kijiji kizima. Katibu akaiangalia, akamwangalia mwalimu, akairudisha mezani, akaenda zake.

Mnadhani nilishukuru? Wapi. Nilijua tu kwamba ametuweka akiba, atuuze siku yake. Nikamsimulia bibi. Akanitaka nirudie maneno ya mwalimu, moja baada ya jingine. Kesho yake akachemsha muhogo, ule mnono wa mahame, akaufunika kwenye bakuli.

"Mpelekee yule mtani wangu. Mwambie ale anenepe, maiti nyembamba haina raha kuzika."

Muhogo wa kijiji kipya ulikuwa bado vijiti na majani mawili.

"Bibi, atajua."

"Mke mwenzangu," akasema, ndivyo alivyoniita siku zote, "kwani mimi nampelekea nini?"

Mwalimu alikula amesimama mlangoni kwake, akipuliza moto wa muhogo. Akanituma nimwambie bibi kwamba muhogo wa hapa kijijini ni mtamu sana. Aliyasema kwa sauti, majirani wasikie. Nilirudi nyumbani nikimcheka moyoni. Mnyamwezi wa watu, hata muhogo hajui umetoka wapi.

Ilinibidi nikue, niwe mwalimu mwenyewe kule Kibaha, nisimame mbele ya watoto wanaonijibu wote kwa mdomo mmoja, ndipo nielewe. Nyumba zisizoficha kitu hazitoi zote jibu lile lile. Siku ile ya akamatwe, tulimwambia kila kitu. Alikuwa ameuliza kwa kuwa alitaka kusikia tunaonaje, sisi tukadhani anataka kutukamata, naye akabeba siri ambayo hakuiomba.

Bibi alifariki miaka mingi baadaye, akazikwa kule kule mahame ubavuni mwa babu. Wakati huo hakuna tena aliyekataza. Wanaume waliporudi kutoka kuzika, nikiwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, nikasikia kicheko nje, kicheko cha msibani kilichochanganyika na kilio. Mzee mmoja mrefu alikuwa anaingia uani kwa mwendo wa kuogopa vifaranga. Alikuwa amevaa kaptula nyeupe ya bafta ya sanda, mpya, imemfika magotini.

Akasimama mbele yangu.

"Haya, jibu," akasema. "Mzee wa migomba alifanya vizuri au vibaya?"

Nililia, ndiyo, mbele za watu.

"Vizuri, mwalimu."

Kutoka kila pembe ya mkeka wakaanza na wengine, wale wale tuliosimama pamoja darasani, huyu akisema vizuri, yule akisema angeondoka mapema zaidi, mtoto wa balozi akisema mzee alikosa kwenda peke yake. Mwalimu akakaa chini na kaptula yake, akatusikiliza wote.