Mashine ya Bwana Jagir na Injini Iliyozama

Zahanati ya mtaani kwetu bado ina mashine kuukuu ya kupima moyo, ile yenye sindano inayochora kwenye karatasi. Mwezi uliopita nililazwa kitandani, nyaya zikabandikwa kifuani, na sindano ilipoanza kutembea nikasikia harufu hafifu ya karatasi inayoungua. Nesi aliniambia nitulie, eti moyo unaenda mbio. Ningemwelezaje kwamba nilikuwa nimerudi Dunga, nina miaka tisa, nimepiga magoti ndani ya boti ya Bwana Jagir?

Dunga ni ufuo wa wavuvi karibu na mji wa Kisumu. Niliishi huko na baba mdogo Okumu katika miaka ya themanini, wazazi wangu wakiwa Nairobi. Samaki wakubwa aina ya mbuta walikuwa wamejaa ziwani siku hizo, na malori ya barafu yalifika ufuoni kila asubuhi kuwachukua. Baba mdogo alikuwa na mashua, wenzake watatu wa kuvua nao, na injini aliyoinunua baada ya ng'ombe wawili wa bibi yangu kuuzwa. Jioni aliibeba begani hadi nyumbani, akaipangusa kwa kitambaa, akaifunika blanketi pale sebuleni. Lilikuwa blanketi zuri kuliko yote ya nyumba ile. Sisi watoto tulijifunika shuka.

Bwana Jagir alikuwa Singasinga mwenye karakana ya mbao mjini, mtu wa ndevu ndefu na sauti kubwa, na boti yake nyeupe ilikaa ufuoni kwetu chini ya uangalizi wa baba mdogo. Kila Jumamosi alikuja kuvua kwa fimbo na uzi, samaki mmoja mmoja. Wavuvi walicheka hadi kushika mbavu. Mtu mzima, mwenye kazi na wafanyakazi, anamsumbua mbuta mmoja kutwa nzima! Kwa desturi mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga mashua ya uvuvi, na hata msichana mdogo kama mimi nilifukuzwa, eti nitafukuza samaki. Lakini boti ya Bwana Jagir hawakuihesabu kuwa ya uvuvi. Kwao ilikuwa mchezo, kwa hiyo hakuna aliyejali nikipanda.

Nilipanda kwa sababu ya sanduku lake. Ukilifungua, trei zilipandana ngazi kwa ngazi, na ndani yake walilala samaki wa plastiki wa kila rangi, wenye macho ya kuchora, ndoano tumboni, na kidomo cha plastiki ngumu kilichowafanya wapige mbizi wakivutwa. Nilitaka kujua kwa nini huyu na si yule. Bwana Jagir hakuchoka kunijibu. Maji yakiwa ya tope, kama yetu ya Dunga karibu kila siku, alichagua samaki mnene wa rangi ya chungwa mwenye gololi ndogo tumboni zinazogongana.

"Maji chafu hivi, mbuta hapana ona kitu," aliniambia. "Yeye nasikia tu. Sisi natengeneza kelele."

Tukienda upande wa kisiwa cha Ndere ambako maji yalikuwa na nafuu, alitoa samaki mwembamba wa rangi ya fedha. Kabla ya kukaza fundo alililowesha kwa mate, kisha akanipa uzi nivute kwa nguvu zangu zote. Fundo likishinda nguvu zangu, alisema, labda litamshinda na mbuta.

Lakini kitu kilichoninyima usingizi kilikuwa kando ya usukani: kisanduku cha chuma chenye kioo, na ndani yake karatasi iliyojikunja taratibu huku sindano ikipita juu yake, tik, tik, tik, ikiunguza alama nyeusi. Chini ya boti palikuwa na kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Kidude hicho kilipiga sauti kuelekea chini, sauti ikagonga ardhi ya ziwa ikarudi, na mashine ikapima imechelewa kiasi gani. Sakafu ya ziwa ilitokea kama utepe mnene mweusi. Samaki walitokea juu yake kama vipinde vidogo. Nilikaa nikinusa ule moshi na kuangalia vitu ambavyo hata baba mdogo, aliyezaliwa hapo, hakuwahi kuviona. Karatasi zilizotumika alinipa mimi, nami nikazibandika ukutani jikoni kwa uji.

Jumanne moja ya likizo ya Agosti, baba mdogo alikuwa akirudi ufuoni na mawimbi yakimsukuma kutoka nyuma. Skrubu zinazoibana injini kwenye mashua zilikuwa zimelegea, na ile kamba ya kuifunga isianguke alikuwa ameitumia asubuhi kufungia tanga. Injini iliruka mara moja tu ikazama. Alichowahi kufanya ni kuweka alama kwa macho: paa la kanisa likiwa sawasawa na kibanda cha wauza samaki. Walirudi kwa kasia. Baba mdogo alikaa mchangani akiwa ameshika kichwa.

Bila injini mashua ingefika baada ya malori kuondoka, na mbuta hangojei mtu, anaoza. Kufikia Alhamisi wenzake wawili walikuwa wameshapata kazi katika mashua nyingine. Bwana Jagir aliposikia habari alisema maji ya ziwa si ya chumvi, injini inaweza kupona ikitolewa kabla ya wiki kwisha. Baada ya hapo kutu itaimaliza ndani.

"Bwana Jagir, hii mashine yako inaona samaki tu?" baba mdogo aliuliza. "Injini haiwezi ona?"

"Kama iko juu ya tope, naona. Panda."

Tulikwenda jioni hiyo hiyo. Tulipita na kurudi mahali pale mara sita, na kila boti ilipokuwa kwenye mstari wa kanisa na kibanda, nilitia alama ya penseli ukingoni mwa karatasi. Mimi na baba mdogo tulibana vichwa juu ya kioo. Tulichokuwa tukitafuta, nakiri, ni picha ya injini. Mimi nilitarajia kuona kifuniko chake, shingo yake na pangaboi lake chini, na kwa jinsi alivyokunja uso, yeye pia. Vipinde vya samaki vilipita, mavumbi ya vidudu vya majini yakapita, lakini injini hapana.

"Haiko," nilisema.

Bwana Jagir alicheka kidogo. "Mtoto, hii hapana kamera. Hii ni sikio. Wewe ukisikia mtu nagonga mlango, najua iko na pua gani?"

Maneno hayo yaliniingia. Siku iliyofuata nilizitandika zile karatasi sebuleni, nikazipanga ili alama za penseli zilingane, nikaanza kuziuliza maswali. Katika mpito wa kwanza palikuwa na vipinde vinne karibu na alama. Katika wa pili viwili, na mahali pengine. Katika wa tatu havikuwepo. Lakini hatua chache kando ya alama palikuwa na kinundu kidogo kilichokaa juu ya utepe wa sakafu, kinyonge, hata ungedhani ni doa. Kilikuwepo katika mpito wa kwanza. Kilikuwepo katika wa tatu. Nilikikuta katika mipito mitano kati ya sita, na kila mara chini ya utepe palitokea utepe wa pili hafifu, jambo ambalo Bwana Jagir aliwahi kuniambia hutokea sauti ikigonga kitu kigumu.

"Baba mdogo, huyu hahami," nilimwambia.

Alichuchumaa. Akafuata kwa kidole, karatasi kwa karatasi. "Adier?" alisema kwa Kijaluo, yaani ni kweli? Nilimwambia ni kweli. Nilijisikia mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Jumamosi asubuhi tulitia nanga juu ya kinundu changu. Boti iliposimama, kinundu kilianza kujichora kama mstari mrefu usiokatika, kwa kuwa sasa mashine ilikuwa ikisikia kitu kilekile tu. Bwana Jagir alianza na mambo yake: alichagua samaki wa plastiki mkubwa kuliko wote, mwenye ndoano tatu za ncha tatu, akamburuta chini. Alishika kitu, fimbo ikapinda, uzi ukakatika. Alipoteza wa pili, akatukana kwa Kipunjabi. Baba mdogo akatoa ndoano yake ya kuvulia mbuta wakubwa, nene kama kidole changu. Ilishika, akavuta na miguu imejikita, ikarudi juu imenyooka.

Mwishowe alishusha risasi nzito kwa kamba, ile ya kuzamishia nyavu. Alinishikisha nisikie. Risasi ikitua kwenye tope, mkono hausikii kitu, kamba inalegea tu. Tukaisogeza kidogo, na mara mkononi mwangu pakagonga, tok. Sijasahau kugonga huko hadi leo. Ziwa zima lilikuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kitu huko chini kilikuwa kimenijibu.

"Ni yeye," alisema baba mdogo, akavua shati.

Kina kilikuwa kama futi ishirini. Alijua kuogelea kama watu wote wa ufuoni, lakini kuzama hadi chini kwenye giza lile ni kitu kingine. Alichukua ncha ya kamba nyingine ya kufungia injini, akavuta pumzi, akashuka akifuata risasi, palepale chini ya boti.

Nami nikaangalia mashine, na sindano ikaanza kumchora. Mstari mpya ulitokea juu ya karatasi ukateremka kwa mshazari, laini, mweusi, ukielekea chini. Nilipiga kelele ya furaha. "Ni baba mdogo! Bwana Jagir, ni baba mdogo huyu!" Mstari ulifika nusu, ukageuka, ukapanda. Akaibuka, anakohoa. Masikio yanauma, alisema. Akashuka tena, mstari ukafika karibu na utepe, ukarudi. Ameigusa, alisema, lakini hakuweza kufunga.

Alining'inia ukingoni mwa boti akihema, macho mekundu, tope kwenye nywele.

"Tosha, Okumu," alisema Bwana Jagir. "Kesho naleta watu."

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti mbele ya kioo. Mstari wake ulikuwa umekatikia juu ya sakafu mara zote mbili, na nilitaka mno kujua ungekuwaje ukigusana nayo. Je, ungekaa juu kama kinundu? Ungepotea?

"Rudi tena, baba mdogo," nilimwambia. "Nataka kuona mpaka chini."

Alinitazama, akacheka, akarudi chini.

Mstari uliteremka moja kwa moja. Ulifika kwenye utepe ukaingia ndani yake, na hapo sikuweza tena kutofautisha ardhi na mtu. Hilo lilinifurahisha kupita kiasi. Nilimuuliza Bwana Jagir kwa nini amepotea, ni kwa sababu yeye ni laini au kwa sababu yuko karibu mno na ardhi? Bwana Jagir alikuwa amejizungushia kamba mkononi na anatazama maji. Karatasi iliendelea kujikunja, utepe mtupu, tik, tik, tik. Halafu mstari ulijitenga na ardhi, ukapanda wima, baba mdogo akatokeza na damu ikimtoka puani. Kamba ilikuwa imefungwa.

Injini tuliivuta watu watatu. Waliifungua ufuoni, wakaitoa maji, wakaikausha na kuitia mafuta siku nzima, na jioni ya Jumapili ilikohoa, ikawaka. Wale wenzake wawili walirudi Jumatatu. Injini ile ilitusomesha wote, mimi nikiwa mmojawapo.

Nilikuwa chuoni, miaka ya tisini, baba mdogo aliponisimulia upande wake. Tulikuwa barazani kwake tukinywa chai. Alisema alipokuwa akining'inia pale ukingoni alikuwa ameshaamua kuiacha. Chini alikuwa haoni hata mkono wake, na aliogopa.

"Halafu wewe ukasema rudi. Vile tu, kama unanituma duka. Nikasema, kama huyu nyathina, huyu mtoto wangu, anajua nitaweza, mimi ni nani niogope?"

Alishuka. Alipokuwa akifunga kamba ndani ya tope, kitanzi kilimbana na yeye mkono, yeye na injini pamoja. Alivuta, hakikutoka. Alimeza maji. Alifikiria watoto wake, mmoja mmoja, kwa majina. Ngozi ya kifundo ilichubuka ndiyo mkono ukatoka, na kovu alinionyesha. Nilikuwa nimeliona miaka yote bila kuuliza, mimi niliyeuliza kila kitu.

Baridi ilinishika nikiwa nimekaa juani. Utepe ule mtupu uliokuwa ukinifurahisha, ndiyo dakika aliyokuwa akiaga dunia.

Yeye hakuwa akilaumu. Alikuwa akinishukuru. Alisema katika watu wote wa Dunga ni mimi pekee niliyemwamini siku ile, akaniongezea chai. Nami nilikunywa, kwa sababu sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba sikuwa nikimfikiria yeye wala injini yake, nilikuwa nikitaka kuona mstari.