Mafuta ya Kondoo kwa Mama Nafula

Hii hadithi siisimulii mke wangu akiwa karibu, si kwamba atakasirika, ni kwamba yeye huicheka, mimi mpaka leo siwezi kuicheka, kwa hivyo wacha niiseme haraka kabla hajatoka sokoni. Nilijiaibisha, jamani, tena mbele ya kanisa zima.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kidogo, tumehamia Kitengela kutoka Bungoma, mimi ni karani kwa ofisi moja Kajiado. Nikapimwa damu nikaambiwa niko na kolesteroli nyingi. Daktari akanieleza kwamba ugonjwa wa moyo huwashika wanaume mapema, wanawake wako na kinga ya homoni zao, halafu akaendelea na maelezo mengine lakini mimi nilikuwa nimeshasimama (nilikuwa nimepata nilichotaka kusikia). Kuanzia siku hiyo nikawa daktari wa mtaa. Nyumbani ngozi ya kuku na mafuta ya nyama vyote nikawa navihamishia sahani ya Mama Nafula, mke wangu. "Kula tu, wewe uko na kinga," namwambia. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Sasa ikafika siku ya familia kanisani. Wazee wa Kimaasai walituchinjia kondoo wawili, na kama mnajua kondoo wa huku basi mnajua mkia wake, ni mafuta matupu. Wanaume tuliketi upande wetu, akina mama na watoto upande wao. Ningekula mbavu zangu ninyamaze hakungekuwa na mkasa, lakini nilipoona wenzangu wanatafuna mafuta, nikaenda nikachukua kipaza sauti (hakuna mtu aliyeniita). "Wanaume wenzangu, haya mafuta yatatumaliza! Wapelekeeni akina mama, wao wako na kinga, moyo hauwasumbui!" Watu wakacheka, wakapiga makofi, nikasikia utamu, nikabeba sinia nikazunguka nikiokota mafuta kwa kila mwanamume, na mtu wa kwanza kumpelekea akawa mke wangu.

Akaninong'oneza, "Baba Nafula, leo sisikii vizuri. Tangu asubuhi nimechoka tu, taya inaniuma, na hapa kifuani ni kama nimemeza kiazi moto."

"Hiyo ni gesi," nikasema, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, kwa hivyo wote walisikia. "Kula kidogo, itatoka."

Akala vipande viwili. Najua kwa nini alikula, hakutaka kuniangusha mbele ya pasta.

Sinia haikuwa imefika hata kwa mama wa tatu, Mama Nafula akakaa chini kwa nyasi, jasho linamtiririka na upepo wa Kitengela ule mnaoujua unapiga, akatapika. Na mimi, bila haya, nikatangaza, "Mnaona? Gesi inatoka!" nikaitisha soda. Hapo Mama Naserian, nesi wa zahanati ya mtaa, akaweka sahani yake chini akaja kupiga magoti.

"Yeyo, uchungu uko wapi?" akamuuliza, kama vile Wamaasai humwita mama.

"Ni gesi," nikajibu mimi.

"Sijakuuliza wewe, mzee." Alipoona mgonjwa hawezi kuongea, ndiyo akanigeukia. "Aliacha kupata hedhi lini?"

Mbele ya pasta! Mbele ya wazee! Na aibu kubwa zaidi ni kwamba sikujua. Miaka yote hiyo kwa kitanda kimoja, sikujua.

"Basi hiyo kinga unayotangaza iliisha wakati huo," akasema, "na kolesteroli ikaanza kupanda, na wewe unamwongezea mafuta. Huu ni moyo. Leteni gari!"

Tukamkimbiza hospitalini Kajiado kwa gari la pasta, mimi nyuma nimemshika kichwa, mikono inanuka kondoo. Niliogopa kumpoteza, na niliogopa kwamba nitaulizwa nani alisema ni gesi, na ninyi sitawadanganya, kuna mahali njiani hofu hizo mbili zilikuwa sawa. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo.

Ilikuwa moyo kweli. Jioni, akiwa na oksijeni puani, daktari akamuuliza, "Mama, umekuwa na hizi dalili tangu asubuhi. Nani alikuambia ni gesi?"

Mama Nafula akaniangalia. Nikaangalia viatu vyangu.

"Ni watu tu, daktari," akasema pole pole. "Hata sikumbuki."

Mtu ameponea chupuchupu, pumzi aliyobaki nayo ni ya kuhesabu, na anaitumia kunisitiri mimi! Nikasema, "Ni mimi, daktari," na nikalia mbele ya wodi nzima, mzee mzima na tai yangu.

Niliapa siku hiyo. Mke wangu akisema kunauma, mimi sina maoni, kazi yangu ni kutafuta gari.